Panya wa Gurs, Panya wa Sosnowiec

Usiku wa kuamkia Oktoba 16, 1946, Julius Streicher alinyongwa mjini Nuremberg pamoja na wakuu wengine wa utawala wa Hitler. Wenzake waliopanda jukwaa usiku ule walikuwa mawaziri, majenerali na watawala wa nchi zilizovamiwa. Streicher aliwahi kuwa kiongozi wa chama katika mkoa wa Franconia, lakini vita ilipokuwa imepamba moto hakuwa na kikosi wala kambi chini yake. Kilichompeleka kitanzini ni gazeti.

Gazeti hilo, Der Stürmer, alilianzisha mwaka 1923. Lilisomwa na mamia ya maelfu, na hata wasiolinunua walilikuta limebandikwa kwenye mbao zenye vioo mitaani, ili mpita njia alione apende asipende. Kurasa zake zilipambwa kwa katuni za Philipp Rupprecht, aliyetia sahihi kwa jina la Fips. Kila Myahudi wa Fips alikuwa na pua ileile, midomo ileile na macho yaleyale ya hila. Mara nyingine hakuwa mtu kabisa, bali buibui au nyoka. Mwaka 1938 kampuni ya gazeti hilo ikatoa kitabu cha watoto, Der Giftpilz, kilichochorwa na Fips huyohuyo, kuwafundisha wanafunzi wa shule jinsi ya kumtambua Myahudi kwa kumtazama tu.

Wanaoipenda katuni husimulia historia yake kana kwamba ilianza kwa vichekesho vya watoto, ikakua, kisha ikapata ujasiri wa kugusa misiba ya wakubwa. Mambo hayakwenda hivyo. Kabla wahanga hawajashika kalamu kusimulia mateso yao kwa picha na maneno, watesi walikuwa wameshika kalamu hiyohiyo. Makala ya chuki inaweza kujibiwa kwa hoja. Picha ya chuki humwingia mtu kabla hajafikiri, na maneno mawili matatu yaliyoandikwa chini yake yanatosha kumfanya aamini kwamba amejionea mwenyewe. Watu wa kwanza kuchora mateso kutoka upande wa wanaoteswa walilazimika kukitwaa chombo kilichokuwa bado kina damu yao.

Mmoja wao alikuwa Horst Rosenthal, Myahudi wa Breslau aliyezaliwa mwaka 1915 na kukimbilia Ufaransa Hitler alipotwaa madaraka. Vita ilipoanza, nchi iliyompa hifadhi ikamgeuka kwa kuwa alikuwa Mjerumani, na mwaka 1940 akajikuta katika kambi ya Gurs, chini ya milima ya Pyrenees. Kambi hiyo ilijengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wakimbizi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Oktoba 1940 Wanazi waliwaswaga humo Wayahudi zaidi ya 6,500 kutoka kusini-magharibi mwa Ujerumani, wakiwemo wazee wengi. Walionusurika waliikumbuka Gurs kwanza kwa matope, kisha kwa njaa.

Humo ndani, mwaka 1942, Rosenthal alitengeneza vijitabu vitatu vya picha kwa mkono wake. Kinachojulikana zaidi kinaitwa Mickey au camp de Gurs. Mickey Mouse, yule panya wa sinema, anakamatwa Ufaransa kwa kukosa hati. Anahojiwa kuhusu wazazi wake na uraia wake, kisha anafungiwa kambini. Rosenthal aliandika kwenye jalada kwamba kitabu kimetolewa bila idhini ya Walt Disney. Rangi zake ni za furaha, maneno yake ni ya mtoto anayeshangaa. Lakini kwenye ukurasa mmoja amebandika picha halisi ya mabanda ya kambi, iliyopigwa kwa kamera, na juu yake akamchora Mickey. Hapo kicheko kinakwama kooni. Panya ni wa kubuni, matope ni ya kweli, na vyote viwili vimo kwenye karatasi moja. Ripoti ya maofisa isingeweza kufanya hivyo, wala picha ya kamera peke yake, maana picha ingeonyesha mabanda bila kuonyesha upuuzi wa kumfunga mtu kwa sababu amezaliwa.

Mwishoni Mickey anachoka. Kwa kuwa yeye ni mchoro tu, anajifuta kwa kifutio na kwenda zake Marekani. Mchoraji wake hakuwa na njia hiyo. Septemba 1942 Rosenthal alipakiwa kwenye treni iliyotoka Drancy, karibu na Paris, kwenda Auschwitz, na huko akauawa akiwa na umri wa miaka 27. Vijitabu vyake vilisalia vikahifadhiwa Paris, katika kituo cha nyaraka ambacho leo ni sehemu ya Mémorial de la Shoah. Kile cha Mickey kilichapishwa kama kitabu cha kuuzwa madukani mwaka 2014, miaka 72 baada ya kuchorwa.

Mwaka huohuo wa 1942, ng'ambo ya bahari, Marekani nayo ilikuwa inajenga kambi. Amri ya Rais Roosevelt ya Februari 19 iliwaondoa watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kutoka pwani ya magharibi. Thuluthi mbili yao walikuwa raia wa kuzaliwa. Haya hayakuwa mauaji, na ni kosa kuyalinganisha na Auschwitz. Lakini yalikuwa mateso ya watu kwa sababu ya ukoo wao, na waliofungiwa walikatazwa kuwa na kamera. Miné Okubo, msanii wa California, akachora. Alichora banda la farasi alilopewa kulala na ndugu yake kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Tanforan. Alichora foleni za chakula, foleni za choo, na vumbi la jangwa la Utah walikohamishiwa. Kitabu chake, Citizen 13660, kilitoka mwaka 1946, na namba iliyo kwenye jina lake ni ile iliyopewa familia yake. Kila ukurasa una picha juu na maelezo chini, na karibu katika kila picha Okubo mwenyewe yumo, pembeni, anatazama. Maneno yake ni makavu kama ya karani. Hasira iko kwenye picha, katika namna anavyojichora akikunja uso mbele ya mlango wa zizi. Serikali ilipounda tume ya kuchunguza jambo hilo, miaka karibu 40 baadaye, Okubo alitoa ushahidi mbele yake, na kitabu chake kilikuwa sehemu ya ushahidi huo.

Baada ya vita ukafuata ukimya mrefu. Manusura wengi hawakuulizwa, na wengine walipoulizwa hawakutaka kusema. Katuni za Marekani wakati huo zilikuwa chini ya shutuma: mwaka 1954 wabunge wa Seneti walisikiliza madai kwamba zinawaharibu vijana, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za kujikagua. Katikati ya kelele hizo, mwaka 1955, gazeti dogo la katuni la Impact lilitoa hadithi ya kurasa nane iitwayo Master Race, iliyoandikwa na Al Feldstein na kuchorwa na Bernard Krigstein. Mtu mmoja anapanda treni ya chini ya ardhi New York. Anamwona abiria anayemtambua. Kumbukumbu za kambi ya Belsen zinamrudia. Msomaji anadhani huyo ni mhanga. Ukweli ni kwamba alikuwa mkuu wa kambi.

Krigstein alipewa kurasa sita, akadai nyingi zaidi, akapata nane. Maneno yalikuwa yameshaandikwa, kwa hiyo nafasi ya ziada aliitumia kukata tukio moja vipande vidogo vidogo. Treni inapopita, sura za abiria zinajirudia madirishani, zikipishana kwa kasi, na mtu anayeanguka relini anaonekana akianguka kwa muda mrefu kuliko inavyowezekana. Krigstein aligundua kwamba katika katuni muda ni nafasi. Ukitaka sekunde iwe ndefu, iongezee visanduku. Wasomaji wachache walitilia maanani wakati huo. Mmoja aliyetilia maanani baadaye, akaandika uchambuzi juu ya kurasa zile nane alipokuwa chuoni, aliitwa Art Spiegelman.

Spiegelman alizaliwa Stockholm mwaka 1948. Wazazi wake, Vladek na Anja, walikuwa Wayahudi wa Poland walioishi Sosnowiec, wakatoka hai Auschwitz, wakahamia Marekani mwaka 1951. Mtoto wao wa kwanza, Richieu, hakutoka. Walikuwa wamempeleka kwa shangazi mjini Zawiercie wakidhani huko kuna usalama. Wajerumani walipokuja kuwachukua waliobaki, shangazi yule aliwapa watoto sumu, naye akainywa. Art alikua katika nyumba yenye picha ya kaka ambaye hakumwona kamwe. Mwaka 1968 Anja alijiua, na hakuacha barua.

Mwaka 1972 Spiegelman alichora kurasa tatu alizoziita Maus kwa ajili ya jarida dogo la katuni, akiwafanya Wayahudi panya na Wajerumani paka. Akaanza kumrekodi baba yake kwa tepu. Kazi kubwa, kitabu chenye jina hilohilo, ilianza mwishoni mwa miaka ya sabini, na kuanzia Desemba 1980 sura zake zilitoka moja moja, kama vijitabu vidogo ndani ya jarida la RAW alilolihariri na mkewe, Françoise Mouly. Vladek alifariki mwaka 1982, kazi ikiwa haijafika hata nusu. Juzuu ya kwanza ilitoka 1986, ya pili 1991.

Kwa nini panya? Wanazi waliwaita Wayahudi wadudu na panya. Filamu yao Der ewige Jude ya mwaka 1940 iliwaonyesha panya wakimiminika na kudai ndio Wayahudi. Spiegelman alilichukua tusi hilo akalivaa. Lakini hakuchora panya wa Fips. Panya wake wana sura rahisi mno: pembetatu ya uso, nukta mbili za macho, mdomo hauonekani. Wanavaa makoti, wanabeba vitabu, wanagombana juu ya mahari na biashara. Kwa kuwa sura hazina kitu, msomaji analazimika kuzijaza mwenyewe kutokana na namna mgongo unavyopinda au mkono unavyoshika mlango, na akishazijaza hawezi tena kuwaona kama wadudu. Aliwachora kwa kalamu ya kawaida ya wino, kwa ukubwa uleule utakaochapwa, ili ukurasa uonekane kama shajara na si kazi ya kujionyesha.

Maneno nayo yana siri yake. Maelezo yaliyo juu ya visanduku ni sauti ya mzee Vladek, Kiingereza kilichovunjika cha mhamiaji. Lakini ndani ya viputo, Vladek kijana wa Poland anazungumza kwa ufasaha, kwa sababu hapo yumo katika lugha zake mwenyewe. Hakuna mahali palipoelezwa jambo hili. Msomaji anasikia watu wawili, mmoja aliyekuwa na nyumba ndani ya lugha na mwingine aliyenyang'anywa hata hiyo, na anatambua kwamba ni mtu mmoja.

Mifano mitatu inatosha kuonyesha jinsi picha na neno vinavyofanya kazi pamoja humo. Vladek na Anja wanapojificha kwa kujifanya Wapolandi, Spiegelman anawavika vinyago vya nguruwe, maana Wapolandi katika kitabu ni nguruwe. Vladek anapita. Lakini nyuma ya koti la Anja unaonekana mkia mrefu wa panya. Simulizi inasema sura ya Anja ilikuwa ya Kiyahudi zaidi. Picha inakufanya uogope kwa ajili yake kila anapopita mbele ya dirisha. Mahali pengine, baba na mwana wako ndani ya gari, wanapita msituni Marekani, na Vladek anasimulia juu ya wasichana walionyongwa kwa kusaidia uasi wa Auschwitz. Juu ya gari, kwenye miti ya Marekani, miguu inaning'inia. Hakuna kisanduku cha zamani na kisanduku cha sasa. Viko pamoja, kama vilivyokuwa pamoja kichwani mwa mzee yule kila siku aliyoishi New York.

Mfano wa tatu ndio ninaouona mkubwa kuliko yote. Art amesoma kwamba wafungwa wa Auschwitz walitoka langoni kwenda kazini huku bendi ya wafungwa ikipiga muziki. Anamuuliza baba yake. Vladek anakumbuka kuandamana tu, bendi haikumbuki. Mwana anasema imethibitishwa. Katika kisanduku cha kwanza tunaona wanamuziki nyuma ya msafara. Katika kinachofuata, msafara umewafunika. Ukikaza macho unaona ncha tu za vyombo vyao. Mwanahistoria wa maandishi angeweka jambo hilo katika tanbihi: shahidi hakumbuki, nyaraka zinasema vinginevyo. Spiegelman aliwaacha wote wawili wasimame, na akamwonyesha msomaji kwa nini mtu aliyekuwamo msafarani, akitazama mgongo wa aliye mbele yake, huenda hakuona kitu kingine.

Mwaka 1991 gazeti la New York Times liliiweka juzuu ya pili katika orodha ya vitabu vya kubuni. Spiegelman aliandika barua kupinga, na gazeti likakihamisha kitabu. Mwaka uliofuata akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer.

Hata hivyo, malalamiko ya Wapolandi juu ya nguruwe wale siyaoni kuwa ya kupuuzwa. Taifa lililouawa watu wake zaidi ya milioni moja na nusu na Wanazi haohao lina haki ya kuuliza kwa nini lichorwe kama nguruwe. Toleo la Kipolandi lilipotoka mwaka 2001, waandamanaji walilichoma moto mbele ya ofisi za gazeti alikofanya kazi mchapishaji wake, mwandishi wa habari Piotr Bikont, naye akawatokea dirishani amevaa kinyago cha nguruwe. Jibu zuri zaidi liko ndani ya kitabu. Katika juzuu ya pili Spiegelman anajichora si kama panya bali kama mtu aliyevaa kinyago cha panya, uzi wake ukionekana nyuma ya kichwa, ameketi kwenye meza yake ya kuchorea juu ya lundo la maiti. Anakiri mbele yetu kwamba wanyama hawa ni uongo wa watesi, na kwamba hana namna ya kusimulia bila kuuvaa.

Uongo huohuo ulikuwa unaandikwa upya nchini Rwanda wakati juzuu hiyo ikiuzwa madukani. Gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990 chini ya Hassan Ngeze, liliwaita Watutsi mende, na lilijaa katuni. Toleo lake la Novemba 1991 lilichora panga kwenye jalada, kando ya swali kuhusu silaha za kuwamaliza mende hao. Miaka miwili na miezi mitano baadaye, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakaanza. Kesi ya Ngeze na wenzake ilisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Rwanda, na Desemba 3, 2003 Ngeze alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na mmoja wa waasisi wa RTLM, redio iliyoeneza chuki hiyohiyo. Mshtakiwa wa tatu alipewa miaka 35. Majaji waliirejea kesi ya Streicher kama mfano uliotangulia. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilipunguza kifungo cha Ngeze hadi miaka 35.

Wachoraji walifika kabla ya hukumu. Mwaka 2000 Mbelgiji Jean-Philippe Stassen alitoa Déogratias, hadithi ya kijana Mhutu wa Rwanda anayezurura baada ya mauaji akiwa na nguo zilizochanika, akitafuta urwagwa wa kulewa. Usiku, akikosa pombe, anageuka mbwa. Stassen hakuyakazia macho mauaji yenyewe. Anatupeleka kabla yake na baada yake, na mapengo kati ya visanduku ndiyo yanayobeba kilichotokea. Mnyama hapa hakuwekwa juu ya mhanga. Amewekwa juu ya mtu aliyeshiriki, anayejijua alivyo, na kila Mnyarwanda aliyepita barabara za mwaka 1994 anajua mbwa walikuwa wanakula nini. Miaka michache baadaye Rupert Bazambanza, manusura aliyehamia Canada, alichora Sourire malgré tout, kisa cha familia aliyoifahamu. Yeye hakutumia mnyama yeyote. Aliwachora watu kwa sura na majina yao, wakila, wakisoma, wakifukuzwa kazi, wakisakwa. Wapo wanaoona michoro yake ni ya shule mno ukilinganisha na ya Stassen. Mimi naona alijua anachofanya: kwa watu walioitwa mende redioni kwa mwaka mzima, kuchorwa wakiwa na pua zao na vicheko vyao kulitosha.

Januari 2022 bodi ya shule za wilaya ya McMinn, jimbo la Tennessee, ilipiga kura bila hata mmoja kupinga, ikaiondoa Maus katika masomo ya darasa la nane. Sababu zilizotajwa ni maneno machache ya matusi na picha ya mwanamke aliye uchi. Picha hiyo ni ndogo, imo katika kurasa chache ambazo Spiegelman alizichora miaka ya sabini kwa sura za watu, si panya, kuhusu siku mama yake alipojiua. Mwanamke yule ni Anja, amekufa ndani ya bafu. Wajumbe hawakusema mauaji ya Wayahudi yasifundishwe. Walisema kitafutwe kitabu kingine cha kuyafundisha. Walichoshindwa kukitazama ni maiti ya mama iliyochorwa na mwanawe. Ndani ya siku chache kitabu kilipanda hadi kileleni mwa mauzo Marekani, na duka moja la katuni mjini Knoxville, mwendo usiozidi saa mbili kwa gari kutoka McMinn, likaanza kuchangisha fedha ili kila mwanafunzi anayekitaka akipate bure.